Vikaango na Vyungu vya Kale vya Chuma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuvitambua na Kuvifufua

Umerithi kikaango kizito cheusi, au umekiokota ghalani kikiwa na kutu na magamba ya mafuta ya miaka mingi. Hapa kuna majibu ya maswali yanayojirudia zaidi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kufufua chombo cha namna hii ni kuondoa kilichokaa juu ya chuma na kukiacha chuma chenyewe salama. Ukikumbana na ushauri unaokutaka ukwangue, usage au uchome chuma, uupime sana kabla ya kuufuata.

Nitajuaje kama chombo changu ni cha chuma cha kusubu?

Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, kati ya asilimia 2 na 4 hivi, na humiminwa kikiwa uji ndani ya kalibu ya mchanga. Ndiyo maana mpini, mwili na midomo ya kumiminia hutoka vikiwa kipande kimoja. Ukiona mpini umefungwa kwa ribiti, hicho ni kikaango cha bati la chuma lililokandamizwa. Nacho ni chombo kizuri, ila si ndugu wa hivi tunavyovizungumzia.

Chukua na sumaku. Ikigoma kunata, mkononi una alumini ya kusubu, ambayo ikichakaa na kuwa nyeusi hufanana mno na chuma. Usiliruke jaribio hilo, kwa sababu dawa ya kusafishia nitakayoieleza hapo chini huila alumini mpaka iishe.

Nianze kutazama wapi?

Kigeuze. Sehemu kubwa ya historia ya chombo iko kwenye kitako na upande wa chini wa mpini. Weka taa pembeni ili mwanga upite juu ya kitako ukiwa umelala, hapo herufi zilizofifia zitatupa kivuli. Chaki iliyopakwa juu juu nayo husaidia. Uchafu ukiwa mzito huwezi kuona kitu, basi subiri usafishe. Mara nyingi jina la kiwanda hujitokeza baada ya chombo kutoka kwenye dawa, nami naona hiyo ndiyo saa tamu kuliko zote katika kazi hii.

Ukishamaliza kitako, tazama mambo manne: umbo la tundu la mpini, umbo la midomo ya kumiminia, kama kuna pete iliyoinuka kuzunguka kitako, na namna uso wa kupikia ulivyo. Uso laini wenye mistari myembamba ya mviringo unaonyesha kwamba kiwandani kikaango kilisagwa baada ya kusubiwa. Uso wenye vichembe kama mchanga ni wa chombo kilichouzwa bila kusagwa, na hivyo ndivyo viwanda vingi vikubwa vilivyofanya kuanzia katikati ya karne ya 20, walipoanza kubana gharama za kazi ya mkono.

Kuna kovu refu lililoinuka katikati ya kitako. Ni ufa?

Si ufa, na huenda ni habari njema. Zamani chuma kilichoyeyuka kilimiminwa kwenye kalibu kupitia kitako. Kikishapoa, fundi alikivunja kile kipande cha ziada na kulisaga kovu, lakini halikuisha lote. Vyombo vyenye kovu hili la mstari kwa kawaida ni vya karne ya 19 au kabla yake. Kuelekea mwisho wa karne hiyo viwanda vilihamia kumimina kwa ubavuni, na vitako vikawa safi.

Vyombo vya namna hii mara nyingi havina jina lolote, na chuma chake ni chembamba. Vishike kwa upole.

Pete iliyo chini ya kikaango ilikuwa ya kazi gani? Na ile namba 8?

Vyote viwili vinatokana na majiko ya kuni na makaa ya mawe. Majiko hayo yalikuwa na matundu juu yaliyofunikwa kwa vifuniko vya duara. Mpishi aliondoa kifuniko na kuweka kikaango juu ya tundu, na pete ikakishikilia chombo mahali pake na kuinua kitako kidogo. Namba ilieleza kikaango kinafaa tundu la ukubwa gani. Kwa hiyo namba 8 si inchi 8: kikaango cha namba 8 huwa na upana wa inchi 10 na nusu hivi juu, yaani kama sentimita 26 au 27, na viwanda vilitofautiana kidogo.

Majiko ya gesi na umeme yalipoenea, pete haikuwa na kazi tena, na viwanda vingi vikaiacha katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Si vyote lakini, kwa hiyo pete peke yake haitoshi kukupa umri.

Ni majina gani ya viwanda ninayopaswa kuyajua?

Kwa vikaango, Marekani ndiyo imeacha vingi vyenye alama, na majina matatu hujirudia.

Griswold ilikuwa mjini Erie, jimbo la Pennsylvania. Kazi ilianza 1865 na kiwanda kikafungwa 1957. Vikaango vya mwanzo vimeandikwa ERIE tu. Baadaye ikaja alama maarufu ya msalaba ndani ya duara mbili yenye neno GRISWOLD: kwanza kwa herufi zilizoinama, mwanzoni mwa karne ya 20, kisha kwa herufi kubwa zilizosimama wima, ambazo ni za miaka ya 1920 na 1930. Mwishoni, kuanzia 1940 hivi hadi kufungwa, alama ikawa ndogo. Chini yake kuna namba ya kielelezo, yaani namba ya umbo la mfano lililotumika kutengenezea kalibu. Kikaango namba 8, kwa mfano, hubeba 704, mara nyingi ikifuatwa na herufi. Alama ikidai namba 8 na kielelezo kikasema kitu kingine kabisa, chunguza zaidi.

Wagner ilianza 1891 mjini Sidney, Ohio. Alama yake inayopendwa zaidi ni ile ambayo maneno WAGNER na WARE yanashirikiana W moja kubwa, na chini yake SIDNEY -O-. Vikaango vyake vya kati ya miaka ya 1920 na 1950 ni vyepesi na uso wake ni laini sana. Kwa maoni yangu, anayetaka kikaango cha kale kwa ajili ya kupikia, na si kupamba rafu, atafute hivi. Ubora unakaribiana na Griswold na mara nyingi wanunuzi hawaving'ang'anii sana.

Lodge iko South Pittsburg, Tennessee, na mpaka leo inafanya kazi. Joseph Lodge alianzisha kiwanda chake 1896 kwa jina la Blacklock, kikaungua 1910, kikajengwa upya karibu na hapo kwa jina la Lodge. Kikaango cha zamani cha Lodge mara nyingi hakina jina, ila utakijua kwa pete ya kitakoni iliyokatwa sehemu tatu.

Je, maneno MADE IN USA yanasaidia kukadiria umri?

Yanasaidia, ingawa kwa kukisia. Kwenye vikaango vya Marekani maneno hayo huashiria chombo cha miaka ya 1960 au baadaye. Uwepo wake unakuambia usitegemee mali ya babu wa babu.

Kikaango changu kimeandikwa Wagner's 1891 Original. Kina zaidi ya miaka mia?

La. Hicho kilitengenezwa mwaka 1991 kusherehekea miaka 100 ya kampuni. Kitako chake kimejaa maelezo marefu ya matumizi yaliyosubiwa ndani ya chuma, jambo ambalo hakuna kiwanda cha karne ya 19 kilichofanya. Kinapika vizuri, basi kitumie. Ila usikinunue kwa bei ya kitu cha kale.

Na vyombo vya nje ya Marekani?

Uingereza ndiko historia hii ilikochukua mkondo mpya. Abraham Darby alipata hataza ya kusubu vyungu vya chuma kwa kalibu za mchanga mwaka 1707, na miaka miwili baadaye akawa anayeyusha madini ya chuma kwa makaa ya koki huko Coalbrookdale. Vyungu vya Kiingereza na Kiskoti vya karne ya 19 na 20 mara nyingi vimeandikwa ujazo, kwa painti au galoni, badala ya namba ya jiko. Ukiona jina la Kenrick, hilo ni la West Bromwich, na familia hiyo ilianza kusubu chuma tangu 1791.

Ufaransa inajulikana zaidi kwa vyungu vilivyopakwa enameli, hasa Le Creuset ya Fresnoy-le-Grand iliyoanza 1925 na rangi yake ya machungwa. Skandinavia kuna Skeppshult ya Sweden, ya tangu 1906. Japani, mkoa wa Iwate, kuna mila ya kale sana ya kusubu birika za chuma, na birika hizo zina utunzaji wake tofauti: usizifanyie hata kimoja kati ya haya ninayoyaeleza hapa.

Vikaango vya kughushi vipo kweli?

Vipo, hasa vidogo na vya maumbo ya ajabu, kwa kuwa ndivyo vinavyotafutwa na wakusanyaji. Njia ya kughushi ni rahisi: mtu anachukua kikaango halisi, anakikandamiza kwenye mchanga, anasubu kingine. Hapo fizikia inamuumbua. Chuma kikipoa husinyaa kwa karibu asilimia 1, hivyo nakala hutoka ndogo kuliko mama yake. Upana wa sentimita 27 unapungua kwa milimita 2 au 3. Chukua rula, linganisha na kikaango kinachojulikana kuwa halisi.

Jicho nalo litaona mengine. Herufi za nakala huwa na kingo butu kana kwamba zimepakwa rangi nzito, uso una chembechembe kila mahali, na kingo zimesagwa ovyo. Viwanda vya kale vilitumia mchanga laini sana, na herufi zake ni kali hata baada ya miaka themanini.

Chombo changu hakina jina lolote. Kina thamani?

Jikoni, ndiyo, tena kubwa. Viwanda vingi viliuza vikaango bila jina kwa maduka yaliyotaka kuviuza kwa bei nafuu, na chuma kilikuwa kile kile. Linganisha mpini, pete na midomo na vile vyenye majina, utapata kiwanda mara nyingi. Usipokipata, pika.

Kabla ya kununua, nikague nini?

Ufa kwanza. Kitundike kikaango kwenye kidole kwa tundu la mpini, kisha kigonge kwa mwiko wa mbao. Chuma kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hutoa sauti fupi iliyokufa. Kagua ukingo wa juu na mahali mpini unapoungana na mwili, maana huko ndiko nyufa huanzia.

Pili, kitako kilichopinda. Kiweke juu ya kioo au meza iliyonyooka, bonyeza ukingo pande zote, kisha jaribu kukizungusha. Kinachozunguka kama pia kimetunishwa kitako kwenda chini. Juu ya moto wa gesi utaishi nacho, juu ya jiko la kioo hutakipenda.

Tatu, rangi. Mabaka mekundu au ya waridi yasiyotoka hata baada ya kusugua ni alama ya chuma kilichoungua. Gamba jipya la mafuta, ule utando mgumu tutakaoupika baada ya kusafisha, hushika kwa shida mahali hapo.

Mashimo madogo ya kutu kwenye kitako hayana neno. Mengi yakiwa kwenye uso wa kupikia, chakula kitanata hapo.

Na la mwisho, ambalo usilifanyie mzaha: kuna watu waliotumia vyungu hivi kuyeyushia madini ya risasi, kwa kutengeneza risasi za bunduki au vizito vya kuvulia samaki. Chungu chenye matone ya kijivu kinachong'aa, au usichojua kilikotoka, kipime kwa vijiti vya kupimia risasi vinavyobadili rangi. Kikionyesha risasi, hakirudi jikoni. Hakuna usafishaji wa nyumbani ninaouamini kwa hilo.

Magamba mazito ya mafuta yaliyoungua nitayatoaje?

Kwa kostiki soda, ile ile ya kutengenezea sabuni. Inayageuza mafuta ya kale kuwa kitu kinachooshwa na maji, na chuma haikigusi kabisa. Hata ukisahau kikaango humo mwezi mzima, kitatoka kama kilivyo, ila kisafi. Kwa sababu hiyo naiweka mbele ya njia nyingine zote.

Tafuta ndoo kubwa au pipa la plastiki nene lenye mfuniko. Tia maji kwanza, lita 20, kisha mimina kostiki nusu kilo kidogo kidogo ukikoroga kwa mti. Mpangilio ni huo: kostiki inaingia kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya kostiki, inachemka ghafla na kukurukia usoni. Vaa glavu ndefu za mpira, miwani ya kukinga macho na mikono mirefu, na fanyia kazi mahali penye hewa. Pipa lifungwe na likae pasipofikiwa na mtoto wala mnyama. Usitumie chombo cha alumini wala cha bati lililopakwa zinki, na usitumbukize kitu chenye mpini wa mbao.

Maji yatabadilika kuwa ya kahawia, kisha meusi. Baada ya siku chache toa kikaango, kisuuze, kisugue kwa stilwaya. Magamba laini yatatoka kama matope na mengine yatagoma. Kirudishe. Kuna vikaango vinavyomalizika kwa siku tatu na vingine vinavyotaka wiki tatu, hasa hali ya hewa ikiwa baridi, kwa sababu dawa hufanya kazi polepole kwenye maji ya baridi. Dawa hiyo hiyo itahudumia vyombo vingi kabla ya kuchoka. Ikichoka, fuata taratibu za unapoishi kuhusu kuimwaga.

Mwenye kikaango kimoja tu anaweza kutumia dawa ya kupuliza ya kusafishia oveni, ile yenye kostiki ndani. Puliza, funga ndani ya mfuko wa plastiki, acha siku moja au mbili, sugua, rudia. Kinga za mikono na macho ni zile zile.

Si rahisi zaidi kukitupia motoni, magamba yaungue?

Ni rahisi, na ndivyo vikaango vingi vilivyokufa. Motoni huwezi kudhibiti joto. Upande mmoja unawaka mwekundu, mwingine uko baridi, na chuma kinapinda au kupasuka. Yale mabaka mekundu niliyoyataja huzaliwa huko. Oveni yenye mpango wa kujisafisha kwa joto kali nayo ina hatari hiyo hiyo, na kikaango chembamba cha kale ndicho kinachoumia zaidi.

Na kutu?

Kostiki haiondoi kutu, basi kutu hushughulikiwa baada ya magamba. Ikiwa nyepesi, stilwaya, sabuni na nguvu ya mkono vinatosha.

Ikiwa nzito, changanya siki na maji sawa kwa sawa, tumbukiza kwa nusu saa, toa, sugua, tazama. Ikibaki, rudia nusu saa nyingine. Usikiache humo usiku kucha: siki ikimaliza kutu huanza kula chuma, na uso unabaki wa kijivu uliokwaruzika. Mwisho suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi.

Njia ya tatu ni elektrolisisi, yaani kuondoa kutu kwa umeme unaopita kwenye maji, nayo kwa vyombo vilivyooza kwa kutu haina mpinzani. Unahitaji chaja ya betri ya gari ya volti 12 ya aina ya kawaida, ndoo ya plastiki yenye maji lita 20, magadi ya kufulia vijiko vikubwa vitano hivi, na kipande cha chuma cha kawaida usichokihitaji. Kikaango kinafungwa waya hasi, kile kipande kinafungwa waya chanya, na viwili hivyo visigusane. Ukikosea ukageuza nyaya, kikaango ndicho kitakacholiwa, basi hakikisha mara mbili. Mapovu yakianza kutoka kwenye kikaango, umefunga sawasawa. Upande wa kikaango unaotazamana na kile kipande ndio unaosafika vizuri, hivyo kigeuze kikaango baada ya saa kadhaa.

Kipande cha upande chanya kisiwe cha chuma cha pua: kromiamu iliyomo hugeuka sumu ndani ya maji. Kisiwe pia na mipako ya zinki. Mapovu yale ni haidrojeni, inayowaka, kwa hiyo fanyia nje na usisogeze moto. Zima chaja kabla ya kuingiza mkono.

Kimetoka kisafi, kikaanza kutu machoni pangu. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Chuma kitupu kikilowa hushika kutu nyepesi ya rangi ya machungwa kwa dakika chache. Kisuuze kwa maji ya baridi badala ya moto, kifute mara moja, kikaushe kwenye oveni yenye nyuzi 100, kisha kipake mafuta kikiwa bado na joto. Kitambaa kikitoka na kahawia kidogo, endelea kufuta.

Nikisage kwa grenda ili kiwe laini?

Kama ni cha kale, usikisage. Ile mistari ya kiwandani ni sehemu ya chombo na haina mbadala, na disiki ya grenda huacha mabonde yasiyoonekana mpaka siku ya kupika. Isitoshe, uso uliong'arishwa kama kioo haushiki gamba la mafuta vizuri. Kikaango kipya chenye vichembe ni chako, fanya utakavyo. Cha kale kiache.

Gamba jipya la mafuta linapikwaje?

Mafuta yakipata joto la kutosha na hewa, chembe zake huungana na kuwa utando mgumu ulioshikamana na chuma. Huo ndio weusi tunaoutafuta. Siri yote iko kwenye wembamba.

Kikaango kikiwa kikavu na cha uvuguvugu, paka mafuta kila mahali: ndani, nje, mpini, tundu la mpini. Kisha chukua kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi ufute mafuta yote kana kwamba hukuyataka. Yanayobaki baada ya kufuta ndiyo yanayohitajika, na uso utaonekana mkavu. Kiingize kwenye oveni ya nyuzi 150 kikiwa kimeinamishwa kifudifudi. Baada ya dakika 10 hadi 15 kitoe kwa glavu za oveni, ukitazame kwenye mwanga: vitone vidogo vya mafuta vitakuwa vimejikusanya kama jasho, hasa pembeni na kwenye maungio ya mpini. Vifute tena. Watu wengi huiruka hatua hii, kisha wanashangaa mabaka. Sasa pandisha joto hadi nyuzi 230, acha saa moja, zima, na kipoe humo humo. Fungua madirisha kwa ajili ya moshi.

Rudia mara mbili au tatu. Kitakuwa na rangi ya shaba iliyokolea, si nyeusi, na ni sawa. Weusi wa kweli utakuja kwa kupika.

Usipokuwa na oveni, fanya juu ya jiko kwa moto mdogo, ukikizungusha kikaango na kufuta mfululizo. Ubavuni hakutaiva vizuri, ila panapopikiwa patatosha kuanzia.

Mafuta gani ni bora?

Ya alizeti, soya, mahindi au kanola, yoyote uliyo nayo. Mafuta ya nazi si chaguo la kwanza, kwa sababu yana mafuta mengi yaliyoshiba ambayo hayaungani kirahisi. Mafuta ya mbegu za kitani yalisifiwa sana kwa kutoa gamba gumu linalong'aa. Linang'aa kweli, kisha linapukutika vipande vipande. Siyapendekezi.

Uso umekuwa wa kunata, au unabanduka. Nifanye nini?

Kunata ni mafuta mengi au joto dogo. Kirudishe kwenye oveni saa nyingine kwa nyuzi 230, mara nyingi kitakauka. Kubanduka maana yake chini ya gamba jipya kulibaki uchafu wa zamani. Sugua sehemu hiyo mpaka isibanduke tena, paka mafuta, endelea kupika. Si lazima kuanza upya kwa sababu ya baka moja.

Sabuni ni marufuku?

Si marufuku. Hofu hiyo inatoka enzi za sabuni kali zilizobaki na kostiki ndani. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo haiwezi kuvunja gamba lililoiva. Kinachodhuru ni kuloweka, mashine ya kuoshea vyombo, na kuacha maji yakauke yenyewe. Osha, futa, kiweke motoni dakika mbili tatu, pitisha mafuta kidogo.

Nyanya je?

Mchuzi wa nyanya wa haraka kwenye kikaango kilichokomaa hauna shida. Kuuchemsha kwa saa nyingi huyeyusha gamba na kuleta ladha ya chuma. Madini ya chuma huingia kwenye chakula kwa kiasi fulani, na kwa wengi ni faida. Mwenye ugonjwa wa mwili kulimbikiza chuma azungumze na daktari wake kwanza.

Vyombo vya enameli au vilivyopakwa nikeli vinafufuliwa hivyo hivyo?

Hapana. Nikeli na kromiamu hustahimili kostiki, lakini usivipeleke kwenye elektrolisisi, kwa sababu mipako inaweza kuinuka. Siki nayo iepuke. Enameli iliyomeguka sehemu ya kupikia haitengenezeki nyumbani, na vipande vyake ni kama vioo ndani ya chakula. Chungu hicho kiwe pambo.

Ufa unaweza kuchomelewa?

Fundi mwenye uzoefu wa chuma cha kusubu anaweza, kwa kukipasha joto chombo kizima polepole na kukipoza polepole. Kazi yenyewe ni ghali, na joto la jikoni hurudi kupima kiungo hicho kila siku. Ningefanya hivyo kwa chombo cha familia kisichokuwa na kifani, ili kisiendelee kupasuka, si kwa ajili ya kukirudisha kwenye moto.

Kwa nini kikaango changu kizuri kinachoma chakula katikati na pembeni hakiivishi?

Kwa sababu chuma hupitisha joto polepole, chini ya robo ya kasi ya alumini. Sifa yake ni kulishika joto likishaingia. Kipashe kwa moto wa wastani dakika tano au zaidi kabla ya kutia chochote, na chagua jiko linalolingana na kitako. Moto mkali wa ghafla, au maji baridi kwenye kikaango cha moto, ndivyo vinavyopasua vile vyembamba vya kale.

Nivihifadhi vipi nisipovitumia?

Mahali pakavu, vikiwa na utando mwembamba wa mafuta yaliyoiva, si mafuta mabichi ambayo huchacha na kunata. Ukivipanga vikiwa vimebebana, weka karatasi katikati. Chungu chenye mfuniko kiachie upenyo kwa kipande cha karatasi kilichokunjwa ukingoni, hewa ipite, la sivyo unyevu uliojificha ndani utaleta kutu upande wa chini wa mfuniko, mahali ambapo hutatazama mpaka siku utakapokihitaji.